Moto Ulioombwa kwa Nzioki

Sogea karibu, mwanangu, usikilize kabla hujaendelea kuandika. Umeniambia riwaya yako ya vijana inahusu familia iliyohamia shamba jipya wakati wa vita, na kwamba msaliti wao ni jirani. Labda. Lakini nakumbuka siku moja, nikiwa msichana wa kubeba kibuyu, nilifika mtoni nikakuta kisima chetu hakipo.

Hakikuwa kimebomoka. Kilikuwa kimefukiwa, na mchanga umesawazishwa juu yake kama uwanja uliofagiwa.

Ngoja nikueleze. Upande huu wa Masinga, kabla ya bwawa, mito yetu ilikuwa ya mchanga. Mvua ikiisha maji hujificha chini, na kila nyumba huchimba shimo lake mtoni na kulizungushia matawi ya miiba. Shimo la mtu ni kama kitanda chake, huligusi bila ruhusa. Sisi tulikuwa wageni. Baba alikuwa amepelekwa vitani Burma, shamba letu la Mitaboni, kule milimani, lilikuwa limechoka, na mwaitu, ndivyo tunavyomwita mama kwa Kikamba, akatuchukua mimi na mdogo wangu aliyekuwa bado ananyonya tukaja kufyeka pori. Tulikuja na ng'ombe wawili. Mmoja alikuwa akitoa maziwa ya mtoto, wa pili alikuwa na mimba. Bila hao tungerudi Mitaboni kulala jikoni kwa watu.

Na siku zile ng'ombe walikuwa wakitafutwa. Jeshi lilitaka nyama. Wanunuzi walipita pamoja na askari wa chifu, bei wameikata wenyewe, na mwenye ng'ombe hakuulizwa kama anauza. Walipofika kwako na kukuta kwato, waliondoka na kamba imenyooka, ng'ombe wako mwishoni.

Basi nani aliyefukia kisima chetu? Jirani wa karibu alikuwa mmoja tu, Nzioki, mzee aliyeishi peke yake ng'ambo ya mto. Nilichimba upya. Siku chache baadaye kikafukiwa tena, na safari hii kandokando ya mchanga uliolainishwa niliona nyayo za akala, vile viatu vya mpira wa gari, wa kushoto ukiburuta kisigino. Nzioki alichechemea mguu wa kushoto.

Mwanangu, mtu akishaanza kumshuku mwenzake, hata kikohozi chake kina maana. Nilikumbuka nilimwona akiongea na askari wa chifu njiani. Nilikumbuka alivyozoea kusimama akitazama upande wetu, mkono juu ya macho. Nilikumbuka alivyoniuliza, eti kwa mzaha, kama ng'ombe wetu wanalala vizuri. Mwaitu naye hakuwa mbali na mawazo yangu. Alihamisha zizi hadi kichakani. Nzioki akipita, sote tulinyamaza ghafla, hata mtoto alizibwa mdomo kwa ziwa.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alisema mwaitu. "Anataka kiu itufukuze, kisha achukue shamba. Au anatuuza."

Mwethya ulikuwa umekaribia, ile kazi ya pamoja ambapo majirani wa mbali na karibu wangekuja kutuchimbia matuta ya shamba. Nilimwomba mwaitu amtaje Nzioki hapo mbele ya wote. Mtu anayeshtakiwa kwa kufukia maji hana pa kukaa tena. Ataapishwa, au atahama.

Mwaitu alifikiri asubuhi nzima. Kisha akachukua maji, maji yale yale ya shida, akamwaga motoni.

Nilidhani amechanganyikiwa.

"Kwetu," akasema, "mwenye fundo moyoni hawezi kukupa moto. Mkono wake unakataa. Chukua kigae, nenda kwa Nzioki ukaombe. Mtazame mkono, usimtazame mdomo."

Nikaenda jua likiwa juu. Nzioki alikuwa akisuka kamba mlangoni. Hakuinuka.

"Mwiitu wa Mitaboni," akasema, yaani msichana wa Mitaboni. "Moto wenu umekula nini hata ukafa?"

"Umezimika tu, umau." Umau ni babu, nami nililitamka neno hilo shingo upande.

"Moto wa mama yako hauzimiki tu. Naona moshi wake kila siku." Nikawaza: Kumbe anatuhesabia hata moshi. Lakini alichukua kigae changu, akachagua kaa kubwa kuliko yote, akalipuliza, akalifunika kwa jivu ili lisife njiani. Mkono haukusita. "Mwambie, akitaka kunijua aniulize. Asiue moto wa watu."

Nikapata ujasiri. "Basi nauliza mimi. Kwa nini unafukia kisima chetu?"

Akacheka hadi akakohoa. "Nyinyi watu wa milimani mmezoea maji yanayoonekana. Hapa maji yanalazwa, yanafunikwa blanketi. Wanunuzi hupanda wakifuata mto. Wakiona shimo wazi na kwato zimelizunguka, wanafuata kwato hadi zizini. Nafagia kwato zenu kwa tawi hadi mgongo unauma, na hakuna aliyenipa hata uji."

"Mbona hukutuambia?"

"Nikipita mnanyamaza kama mmeona chui. Halafu baba yako ni askari wa serikali. Nilijuaje kama nyinyi si macho yao? Hata wale wa njiani waliniuliza habari zenu, nikawaambia mna mbuzi mmoja mgonjwa."

Mwaitu hakuridhika na maneno tu. Aliwasha moto wake, kisha akashuka mtoni na Nzioki, akamfanya amwonyeshe kila kitu. Tangu siku hiyo tulifunika kisima na kufagia kwato kila tulipoteka. Mwezi haukuisha, wanunuzi wakapanda na mto. Tulijilaza kichakani na ng'ombe, mwaitu ameshika pua ya yule mwenye mimba asilie. Askari mmoja alisimama juu kabisa ya kisima chetu, akatema mate mchangani, wakapita.

Siku ya mwethya, Nzioki alipewa uji wa kwanza.

Baba alirudi vita vilipokwisha, akakuta ng'ombe wanne. Swali lake la kwanza lilikuwa kwa nini mzee asiyemjua anaingia uani kwake bila hodi. Mwaitu alimpa kigae, akamwambia, "Nenda kaombe moto."

Sikukatazi kushuku, mwanangu. Shaka ni mbwa wa boma, mlishe na umwache abweke. Lakini mbwa hapewi kiti cha mwenye nyumba. Sisi tulimwogopa Nzioki, yeye akatuogopa sisi, na nusura woga huo uwape wanunuzi walichotaka bila jasho. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Na ukiuliza, uliza mlangoni kwake, mchana, kabla hujauliza mbele ya watu.

Mungu akupe kisima kisichokauka na jirani wa kukitupia jicho usipokuwepo. Ile sura ya msaliti iweke kando kwanza. Kesho asubuhi chukua bakuli tupu, piga hodi kwa jirani yako usiyemwamini, umwombe chumvi, na umtazame mkono.