Mama mkwe anachanganya dawa ya mwanangu na ya mtoto wa mke mwenzangu

Admin, tafadhali nifichie jina na picha yangu isionekane, maana wifi zangu wote wanausoma ukurasa huu, na midomo yao naijua.

Mimi ni mama wa miaka thelathini na miwili, naishi Nyakuron hapa Juba. Nilikulia ukimbizini, shule nikasomea Kenya, na sasa nauza vitenge sokoni Hai Jalaba. Tuko wake wawili kwa mume mmoja, ua mmoja, mama mkwe wetu katikati. Msianze kunionea huruma, mimi na mwenzangu tunapatana kuliko dada wengi wa tumbo moja. Mume ni dereva wa lori, na ukimpigia simu kwa jambo lolote la nyumbani jibu lake ni "mtaelewana".

Kilichotuunganisha hasa ni ugonjwa. Binti yangu, nimwite Poni, na mwana wa mwenzangu, nimwite Wani, wote wana selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi. Anayeujua ugonjwa huo atanielewa. Maumivu yakishika mifupa, mtoto analia hadi sauti inamkauka, na wewe mama unabaki kumkanda kwa maji ya moto huku ukilia naye.

Mwaka huu tulialikwa hospitali kwenye majaribio ya dawa mpya. Muuguzi alitueleza polepole. Vidonge vya kawaida watoto wote wangeendelea navyo, halafu kila mmoja angepewa chupa yake ya dawa ya maji. Chupa nyingine zina dawa yenyewe, nyingine zina maji matamu tu, rangi na ladha ni ile ile, na hata daktari hajui nani kapata ipi. Hivyo ndivyo wanavyojua kama dawa inatibu kweli au ni matumaini yetu tu. Tukakubali wote wawili. Mama mkwe ndiye aliyepewa kazi ya kuwanywesha, kwa kuwa sisi mchana tuko sokoni.

Poni akainuka. Akaanza kula, akaruka kamba na wenzake, nami nikawa naimba nikifua. Wani hakubadilika. Mwenzangu nilimwona anavyoiangalia chupa ya mwanangu pale juu ya kabati. Niseme ukweli, furaha yangu nilikuwa naificha kama nyama ya wizi.

Halafu mambo yakageuka. Miguu ya Poni ikaanza tena kuuma, na Wani akaacha kulia. Nikasema ni mapenzi ya Mungu. Kumbe ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Siku moja sokoni hakukuwa na wateja, nikarudi mchana, nikamkuta mama mkwe jikoni. Alipima dawa kutoka chupa ya Poni akamimina kwenye kikombe, akapima kutoka chupa ya Wani akamimina humo humo, akakoroga, kisha akawagawia watoto nusu kwa nusu.

"Mama, unafanya nini?" nikauliza.

Wala hakushtuka, akanijibu kwa Kiswahili chake cha kuokoteza. "Mama Poni, mimi iko na wajukuu mbili, hapana moja. Moja nacheka, moja nalia, hii ni nyumba gani? Kule kambi ya wakimbizi tulikula sahani moja, hakuna mtoto alikufa. Dawa nayo ni sahani moja. Kalas, imeisha."

Nilimweleza ya muuguzi yote. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza kama ningekubali Poni ale nyama na Wani ale ugali mkavu. Jamani, yule mama ndiye aliyenipokea nilipoolewa, sijawahi kumpandishia sauti. Nikatoka jikoni.

Nikamwendea mwenzangu. Kumbe alikuwa anajua. Alipiga magoti, mke mwenzangu huyo, akanishika miguu.

"Mama Poni, nakuomba kwa Mungu, usiseme hospitali. Ukisema, Wani atarudi kwa chupa yake. Na kama chupa yake ni maji tu?"

"Na wangu je? Si anaumwa tena?"

"Anaumwa kidogo. Wangu alikuwa anakufa."

Nilikasirika, nikatoka nje, nikalia huko nyuma ya choo, kwa sababu alichosema ni kweli.

Sasa muuguzi amenipigia simu. Damu ya Poni imeanza kushuka na daktari anafikiria kumwongezea kipimo cha dawa ya chupa, lakini kwanza anataka kujua kama anameza kipimo chake chote. Nikamwambia nitamuuliza bibi yake, kisha nitajibu Ijumaa tukienda kliniki. Nikinyamaza, wataongeza, na bibi ataendelea kugawa, na Wani ni mdogo, mwili wake mwembamba, hakuna aliyempimia dawa ile. Tena wataandika kwamba dawa haifai, kumbe ni sisi, na watoto wa watu huko mbali wataikosa. Nikisema, huenda wote wawili wakaondolewa, au Wani arudi kwenye yale maumivu, na mimi nitaishi ua mmoja na mama yake nikimsikia.

Usiku wa jana nilimwambia Poni kwamba kuanzia sasa dawa nitampa mimi mwenyewe. Ana miaka saba. Akauliza, "Na ya Wani?" Nikamwambia Wani ana yake. Akasema, "Mama, mimi naweza kuumwa kidogo."

Ndugu zangu mnaosoma, msinitukanie mama mkwe, hana ubaya. Nishaurini tu. Ijumaa nitaulizwa kama mwanangu anameza dawa yake yote, na mtoto mwenyewe atakuwa amekaa mapajani mwangu akisikiliza. Nijibu nini?