Paa Alilolitafuta Vital

Nilikuwa nakunja mashuka katika chumba cha kufulia cha hoteli ninakofanya kazi, hapa Houston, simu ilipolia. Alikuwa Godefroid, aliyekaa nyumba moja na mdogo wangu Vital kule Grand Prairie na kupakia naye mizigo katika ghala moja. Godefroid hapigi simu saa za kazi.

"Dada Perpétue, umekaa au umesimama?"

"Nimesimama. Sema."

"Kaa kwanza, dada."

Sikukaa. Akaniambia gari la Vital limeteleza kwenye daraja lenye barafu asubuhi ile, akitoka kupiga picha magofu yake ya mawe. Walipomtoa alikuwa amekwisha kufa. Neno la kwanza lililonitoka halikuwa sala. Nilisema, "Mjinga yule." Mungu alinisikia, na Godefroid alinisikia.

Vital alikuwa na miaka thelathini na minne. Tulikulia katika kambi ya wakimbizi Tanzania, tukaletwa Texas wawili tu, kwa sababu Mama alikataa kupanda ndege. Kambi ilipofungwa alirudi Nyanza-Lac, Burundi, akajengewa kibanda cha matofali mabichi. Vital hakuoa. Aliimba besi kwaya ya Kiswahili, hakukosa Misa, na siku yake ya mapumziko alilala mpaka saa sita, isipokuwa wakati wa baridi.

Januari 2017 alinunua kamera iliyotumika, akaendesha gari magharibi, mbali kupita Fort Worth. Huko aliona nyumba ya mawe ya wakulima wa zamani: kuta nne, dohani, pengo la mlango, hakuna paa. Nyasi zilikuwa nyeupe kwa umande ulioganda. Akapiga picha, akaituma Nyanza-Lac kwenye simu ya Alida, jirani yake Mama, bila kueleza kitu. Jioni ile Mama akajibu kwa ujumbe wa sauti, analia kwa furaha: "Asante Yezu, mwanangu anajenga! Tena kwa mawe!"

Vital alinisikilizisha sauti ile huku anacheka. Alisema atamweleza kesho.

Hakumweleza. Baridi iliyofuata akapata gofu lingine, lenye madirisha mazuri ya upinde, akatuma. Mama akaona ujenzi unaendelea. Alida alimwambia, "Mama Vital, nyumba gani hii, miaka miwili haiezekwi? Mwanao anajengea mvua?" Mama akamjibu kwamba huko Amerika watu hawana haraka kama yeye. Godefroid naye hakumwacha. Kila Vital akivaa koti alimuuliza, "Fundi, leo lenta au plasta?"

Desemba 2018 nilikwenda kumtembelea, akanipeleka. Tulisimama nje ya seng'enge, upepo unapenya mpaka kwenye meno. Alilala kifudifudi kwenye nyasi kavu ili nyaya za umeme zisionekane kwenye picha.

"Kiangazi hapa huoni kitu," alisema. "Majani yamefunika, nyoka wamejaa. Baridi ndiyo inatoa kuta nje."

"Vital, mwambie Mama ukweli. Usipomwambia wewe, nitamwambia mimi."

"Nitamwambia nikipata nyumba yangu."

"Kwa hiyo utamwambia lini?"

"Dada, sogea. Kivuli chako kiko kwenye mlango."

Nikasogea. Hilo ndilo linaloniuma. Nilisogea, picha ikatoka vizuri, na mimi sikumpigia Mama.

Mwezi mmoja kabla ya ajali, Mama alituma sauti fupi. Kifua kinambana, anataka kuona paa kabla hajafa. Vital akaanza kuulizia watu kazini, mpaka mmoja akamwambia kuna ghala la mawe la zamani ambalo bado lina bati. Theluji ilipoanguka Februari 2020, alitoka kabla hakujapambazuka.

Polisi walitukabidhi kamera ikiwa nzima. Picha ya mwisho ilikuwa hiyo: kuta za mawe, nusu ya paa la bati lenye kutu, theluji juu yake. Alida alikwisha kumpa Mama habari ya msiba, na Mama alikuwa ameagiza jambo moja tu: "Mzikeni nyumbani kwake, uani. Asilale kwa watu."

"Mtumie hii, dada," Godefroid aliniambia. "Ina bati. Mwambie sheria ya huku hairuhusu kuzika uani. Mwache alie akijua mtoto alikuwa na nyumba."

Nilishika rozari yangu, nikasali makumi mawili, nikashindwa kumaliza. Kisha nikapiga.

"Mama, Vital hana nyumba."

"Nimeiona."

"Ni magofu ya watu, Mama. Alikuwa anapiga picha tu."



"Wewe ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu ile ya kwanza."

"Basi mlikuwa wawili," alisema, akampa Alida simu.

Nimeungama kwa padre, akaniondolea dhambi. Mama bado.

Tulimzika Jumamosi, katika makaburi ya mji. Kwaya iliimba, sehemu ya besi ikapwaya. Kwetu tunafukia wenyewe, lakini pale wafanyakazi walisimama pembeni na mashine yao, wakaturuhusu konzi moja moja ya udongo. Godefroid aliomba koleo, wakakataa, akapiga magoti, akasukuma udongo kwa mikono mpaka padre akamshika bega. Jiwe la jina lilikuwa halijafika. Palikuwa na kijiti chenye karatasi ndani ya plastiki.

Watu walipokwenda kwenye magari, nilipiga picha moja ya kaburi kwa simu, na kijiti chake, na mashine nyuma. Nikaituma kwa Alida. Nikaandika: "Mama, hapa ndipo alipolala Vital." Kisha nikasema Baba Yetu, nikafunga koti, nikaondoka.