Herufi za Kutembea

Siku yangu ya kwanza kazini, mwaka 1971, Fundi Mkuu wa karakana yetu ya mabango pale Arua, Uganda, alininyang'anya rula. Alikuwa Mkongo mfupi, suruali yake imekakamaa kwa rangi. "Mutu anasoma bango akiwa anatembea," aliniambia. "Basi herufi nayo itembee."

Ninyi mnaochapa mabango kwa mashine hamjui raha hiyo. Herufi ya kutembea huandikwa bila rula: unalegeza rangi kwa turpentini kidogo, unashika brashi ndefu ya manyoya, na huiinui mpaka mstari uishe. A inaegemea upande, O haifungi vizuri, na hakuna E mbili zinazofanana. Ilikuwa ya hoteli za chai, vinyozi na washonaji. Ofisi na hospitali tuliziandikia herufi za kusimama: unavuta uzi uliopakwa chaki, unaupiga ubaoni uache alama, kisha unapima. Kazi hiyo ilinichosha roho. Mimi si mtu wa kutulia. Nikahamia Koboko, karibu na mpaka wa Kongo, ambako wake za askari walifungua maduka na kila mmoja alitaka bango lichangamke kuliko la jirani.

Huko Ofisa wa Stoo wa kambi ya jeshi akaniita niandike ubao wa langoni: SIMAMA. HAKUNA KUPITA. Mkono ulishazoea hoteli, ukaenda wenyewe. Kapteni wa lango aliusoma ubao, akanigeukia.

"Wewe ndiyo umeandika hii?"

"Ndiyo, afande."

"Bango inasema simama. Herufi iko inasema karibu chai. Unacheka jeshi?"

"Hapana, afande. Mkono yangu iko vile."

"Basi leo tutafundisha hiyo mkono."

Alimweka askari mwenye fimbo nyuma yangu. Niliandika upya kwa uzi na rula, na kila mkono ulipoanza kutembea, fimbo iligusa kiwiko. Hakunipiga hata mara moja. Niliogopa kuliko kama angenipiga. Nilipomaliza, Kapteni alisema, "Sasa iko sawa," akanipa sigara.

Tangu hapo hata maduka niliyaandika kwa rula. Wenyewe walilalamika. "Fundi, mbona umeandikia mimi hospitali?" aliniuliza mama mmoja mshonaji. Nilijaribu tena herufi za kutembea kwenye vipande vya mabati. Mkono ukifika kwenye kona ya herufi unasita. Niliuchukia mkono wangu mwenyewe.

Vita vilipofika mwaka 1979 nilivuka kwenda Kongo na brashi zangu. Huko hakukuwa na Kapteni. Mama wa hoteli ya chai akanipa ubao: "Andika vile unapenda, baba." Miaka yote nilikuwa nikiyangoja maneno hayo. Nikachovya brashi, nikasimama mbele ya ubao mpaka rangi ikaanza kukauka. Kisha nikaomba uzi.

Nimestaafu na sifa ya fundi wa mistari iliyonyooka kuliko wote mpakani. Vijana wakinisifu hivyo, huwa nashukuru kwa adabu. Lakini inaniuma, maana wanayemsifu ni Kapteni.