Hoja Iliyomfukuza Mpishi

Mwanzoni mwa miaka ya themanini, nikisubiri kuitwa chuo cha ualimu, nilifundisha wasichana wawili nyumbani kwao, mtaa wa Barani. Mkubwa alikuwa amepooza mguu kwa polio, na mdogo alikataa kwenda shule bila dadake. Baba yao alifanya kazi kwenye mashamba ya chumvi Marereni, akija mwisho wa juma. Mama alikuwa na duka la vitambaa mjini.

Somo nililolipenda zaidi nililibuni mwenyewe: kufikiri. Mtu akisema jambo, wamwulize, "Umejuaje?" Wakitoa hoja, waonyeshe kila hatua imesimama juu ya nini. Mpishi wao, mama wa makamo kutoka mashambani, alikuwa akicheka. "Mwalimu, hawa wataniuliza hata nimejuaje kama mchuzi umeiva."

Siku moja bangili ya dhahabu ya mama yao ilipotea. Mkubwa akachukua daftari. Akaandika kwamba mlango wa mbele ulikuwa umefungwa, na mgeni hakuingia. Kisha akanitazama.

"Mwalimu, tulipolala mchana, wewe ulikuwa sebuleni?"

"Nilikuwa," nikasema.

Sikuwa. Nilikuwa nimekwenda posta kutazama kama barua ya chuo imefika. Mlango niliuegesha tu, na niliporudi niliukuta wazi. Nikinena, kazi imekwenda.

Hatua zilizobaki zilimfikia mpishi: ndiye pekee aliyebaki ndani bila wa kumwona. Mama yao alisoma daftari, akaniuliza kama ni sawa.

"Hoja haina kosa," nikajibu.

Mpishi aliapa, akalia, kisha akafunga kanga zake alasiri ile ile. Mlangoni alinipa mkono. "Haya, mwalimu. Wasomeshe vyema."

Kwa wiki tatu nilikula wali mbichi aliopika mama yao kwa haraka kabla ya kwenda dukani. Watoto waliendelea kuulizana "Umejuaje?" nami nikawa siwezi kuwatazama. Mwishowe nilimwambia mama yao kweli. Hakunigombeza. Alituma mtu kumwita mpishi.

Alikuja na akakataa kuketi.

"Sikurudi kupika," akasema. "Nimekuja watoto wasikie."

Nikawaambia, nimesimama mbele yake, kwamba nilitoka, kwamba mlango ulikuwa wazi, kwamba nilisema uongo. Nikamwomba radhi. Alisema amesikia, hakusema amesamehe. Mdogo alimkumbatia mpishi miguuni akilia. Mkubwa alibaki mezani, uso mkavu.

"Sasa mwalimu, na yale mengine uliyotufundisha?"

Ilikuwa zamu yangu kuonyesha nimesimama juu ya nini. Niliondoka siku ile. Bangili haikuonekana kamwe. Mpishi, nilivyosikia, hakupika tena kwenye nyumba ya mtu.