Nilinunua gugu maji kwa hiari yangu: yaliyonikuta na bwawa la bustani, Maryland

Wakuu, habari za humu. Wakubwa zangu shikamooni, ingawa kwa umri wangu sidhani kama mmebaki wengi. Vijana marahaba, hata kama hamjanisalimia.

Kuna mdau aliuliza ni mimea gani aweke kwenye bwawa dogo la bustani yake. Nimesoma majibu, kila mtu anamtajia ua zuri aliloliona kwenye picha.

Nikasema hapana, ngoja nimsimulie yangu. Yamenikuta mwenyewe, na mke wangu, Mama Rukia, amekaa kiti cha pembeni kuhakikisha sijipendelei.

Ilikuwa miaka ya tisini inaishia. Tulikuwa tunaishi upande wa Greenbelt. Mimi nilikuwa fundi wa matengenezo kwenye maghorofa ya kupanga kule Silver Spring: mabomba, hita, vitasa, chochote kilichoharibika. Mtu wa Tanga, form four, nisiyependa kuuliza.

Hilo la kutopenda kuuliza mlishike, tutarudi hapo.

Nyumba yetu ilikuwa ndogo lakini nyuma kulikuwa na uwanja. Pale jua linapopiga vizuri kuliko kote, Mama Rukia alikuwa na tuta lake la mchicha. Ule wa dukani alikuwa akiugeuza geuza mkononi kisha anaurudisha. Hakuutambua.

Sasa binti yetu Rukia akapata mchumba. Kijana anaitwa Idi, alikuwa na kazi kule Sterling, karibu na airport ya Dulles. Wazazi wake ni Waislamu wa Kisumu waliohamia Virginia. Watu wazuri, ila tulikuwa hatujazoeana. Tukikutana ni "karibuni", "asanteni", "karibuni tena", kama watu waliopanga foleni benki.

Tukakubaliana nikaha ifanyike kwetu, nyuma ya nyumba, mwisho wa summer.

Hapo ndipo bwawa likaniingia kichwani. Kwenye jengo moja nililokuwa nikihudumia kulikuwa na bwawa dogo, maji yametulia, mayungiyungi yamekaa juu kama visahani vya kaure. Nikasema binti yangu ataolewa kando ya maji.

Kitu kimoja nilikuwa nakijua: yungiyungi linataka jua la kutosha. Na jua lilikuwa kwenye mchicha.

"Mwanangu nampenda," akasema Mama Rukia, "na mchicha wangu naupenda."

"Ni kwa ajili ya harusi, mke wangu."

"Basi chimba. Ila siku ya nikaha nisipoona ua, hilo shimo unalifukia kwa mikono yako na mchicha wangu unarudi pale pale."

Nikakubali. Nikachimba, nikatandika plastiki nzito, nikajaza maji, nikaenda nursery ya mimea.

Dada wa pale akaniuliza bwawa lina kina gani, jua linapiga kwa muda gani, nataka kuona maua wakati gani wa siku. Nikamjibu kama mtu anayeulizwa siri za chumbani. Nikamwambia usijali, nakotoka sisi ni watu wa maji.

Wakuu, maji ya Tanga ni ya chumvi. Sijui nilikuwa najivunia nini.

Nikachukua yungiyungi jeupe la aina inayovumilia baridi. Nikachukua mafunjo ya kusimama pembeni. Halafu macho yakaangukia mmea mmoja unaoelea: majani yanang'aa, mashina yamevimba kama vichupa, ua la zambarau hafifu lenye doa la njano katikati, mithili ya unyoya wa tausi. Kibandiko kimeandikwa water hyacinth. Nikajaza ndoo.

Kosa la kwanza likaonekana kesho yake. Nilipanda yungiyungi kwa ule udongo mwepesi wa mfuko, wa maua ya ndani. Udongo ule wote ukaelea. Bwawa likawa rangi ya chai kavu.

Mama Rukia alisimama dirishani na kikombe chake. "Baba Rukia, sukari umeweka?"

Nikatoa kila kitu, nikaanza upya kwa udongo mzito wa mfinyanzi, juu nikafunika kokoto. Mafunjo nayo nilikuwa nimeyazamisha katikati, yakalala chali. Hayo yanataka miguu tu iwe majini. Nikayajengea ngazi ya matofali ukingoni, yakasimama.

Halafu joto la D.C. likaja. Mliokaa huku mnalijua, unatoka kuoga na unatamani kurudi bafuni. Ile mimea ya kuelea ikapenda. Nikirudi kazini imezaa, nikiamka imezaa tena. Haikupita muda maji yakawa hayaonekani, na juu yake maua ya zambarau yamesimama.

Yungiyungi lilikuwa limetoa majani mawili, yakapotelea chini huko.

"Hayo yako yamemfunika mwenzao," Mama Rukia akaniambia. "Yapunguze."

"Niyapunguze vipi, na ndiyo yanayochanua? Ulitaka ua. Ua lile pale."

"Mimi nimeotesha mchicha miaka yote hii, najua mmea uliofunikwa unavyokuwa."

"Ule ni mchicha. Haya ni mambo ya maji."

Rukia akaingilia kwa Kiingereza, kama kawaida yake. "Dad, it's kind of taking over."

"Ni baraka hiyo," nikamwambia.

Wiki chache kabla ya nikaha, wakwe wakaja kuona mahali. Nikawasubirisha sebuleni makusudi, nikawapa juisi, nikachelewesha raha. Halafu nikafungua mlango wa nyuma.

Mama Idi alitangulia. Akafika kwenye bwawa, akasimama kama aliyeona mtu waliyegombana naye zamani.

"Baba Idi. Njoo uone."

Baba Idi akaja na glasi yake. Akainama, akashika jani, akaminya shina. "Wallahi, ni yenyewe."

Mimi nikadhani wamepigwa na uzuri. Nikatabasamu mwenyewe.

"Baba Rukia," Mama Idi akaniambia taratibu, "hii nani amewaletea?"

"Nimenunua."

"Umenunua?"

"Ndiyo. Nursery, hapo tu."

"Kwa pesa?"

Baba Idi akaweka glasi chini, akatafuta kiti, akakaa, akaanza kucheka mpaka machozi yakamtoka. Mama Idi hakucheka.

"Hii ni gugu maji! Kule kwetu Kisumu meli inakwama kwa hii kitu. Watu wanaing'oa leo, kesho imerudi. Ndugu zangu hawajui maji ya ziwa yalienda wapi. Na wewe umeipanga mbele, mtoto wangu aoe mbele yake!"

Wakuu, gugu maji nilikuwa nalisikia redioni. Kwa jina lile nilijengea picha ya kitu cheusi chenye miiba. Haikunijia hata siku moja kwamba lina ua, tena ua la kuvutia vile.

Nilitamani bwawa linimeze, lakini hata nafasi ya kupenya haikuwepo.

Nikamtazama mke wangu. Kilichonitisha si kulifukia shimo. Nilikuwa naona harusi ya mwanangu inaharibika kwa sababu ya ndoo moja.

Mama Idi akageuka. "Mama Rukia, niazime leso."

Mama Rukia akaingia ndani, akatoka na kanga mbili. Moja akampa mwenzake, nyingine akajifunga mwenyewe. Wakapiga magoti, mmoja upande huu, mwingine ule, na nguo zao nzuri, wakaanza kung'oa.

Kisha Mama Idi akavuta fungu kubwa, maji yakamrukia usoni, Mama Rukia akacheka, na yeye akacheka. Basi ikawa hadithi. Wakamsema Idi, wakamsema Rukia. Wakanisema na mimi, nimesimama pale pale na ndoo.

"Huyu kichwa chake ndicho kinaelea," mke wangu akasema.

"Wa kwangu naye ni hivyo hivyo," akajibiwa.

Nilipobeba ndoo za kwanza kwenda kumwaga kwenye kijito cha chini ya mtaa, Baba Idi aliacha kucheka. Akanishika mkono. "Mtoni hapana, ndugu yangu."

"Baridi ya huku italiua."

"Na kwetu kuna mtu alilitupa akidhani halina neno."

Tukalianika juani likakauka. Baadaye likaenda kuwa mbolea kwenye tuta jipya la mchicha kando ya uzio, na mchicha ule ulistawi kuliko wa kwanza.

Maji yalipofunguka, chini yake kulikuwa na yungiyungi, majani madogo ya rangi ya shaba yamejikunja, na vichipukizi vya maua vimeinama kutafuta mwanga.

"Nilisema au sikusema?" Mama Rukia akaniuliza.

"Ulisema."

Mpaka nikaha, kila asubuhi nilikuwa naenda kuangalia kabla ya kazi. Majani yakapanda juu, yakatanuka. Kichipukizi kimoja kikafika juu ya maji, kikagoma kufunguka.

Asubuhi ya harusi niko uwanjani napanga viti. Rukia akatoka peku, mikono ina hina mpaka kwenye viwiko. Akainama pale.

"Mama!" akaita. "Mama, limechanua!"

Mtoto aliyekuwa akinijibu Kiingereza tangu ameanza shule. Sikumwambia kitu, niliogopa angegundua.

Lilikuwa jeupe kabisa, kiini cha njano. Mama Rukia akaja akasimama naye, wakaliangalia muda mrefu. Kisha akaniambia bila kugeuka, "Haya, usilifukie."

Nikaha ilikuwa baada ya alasiri. Wageni wanaingia, na yungiyungi limefunga. Aina ile hufunga ua mchana ukipita, na dada wa nursery alikuwa karibu kunieleza, kama ningemjibu sawasawa. Mgeni mmoja akauliza hapa kwenye maji mlikusudia kuweka nini.

"Palikuwa na gugu maji," Mama Idi akatangaza, uwanja mzima ukamsikia. "Baba ya bibi harusi alinunua!"

Mpaka sheikh alicheka.

Sasa mdau uliyeuliza. Bwawa lako lipate jua, na mimea isifunike zaidi ya nusu ya maji. Udongo uwe mzito. Mimea ya ukingoni iweke kwenye vyungu, maana ikipata nafasi inatembea. Cha kung'oa usikitupe mtoni, hata uambiwe nini.

Lakini kosa langu kubwa halikuwa kununua gugu. Mtu ninayekula mchicha wake aliniambia mmea umefunikwa, nikamwona hajui maji. Hilo bado linaniuma, na nimeshamwambia mara nyingi.

Yeye mpaka leo analiita shimo. Ila siku hizi kukipambazuka ananiambia, "Nenda kaangalie shimo letu limeamkaje."

Amemaliza kusoma haya. Anasema yote kweli, isipokuwa sukari sijaweka mpaka leo.

Haya wakuu, semeni na nyinyi. Nani mwingine aliwahi kununua gugu kwa hiari yake? Nisiwe peke yangu.