Pikipiki ya Baba Ilipopona

Kaka yangu tunamwita Msasa, na jina limemkaa. Akishika chuma chenye kutu hakiachi mpaka ajione sura. Kazi yake ni kuchomelea mageti, lakini roho yake iko kwenye pikipiki za zamani, yeye na wenzake wale wanaokutana kila mwaka uwanjani kuonyeshana vyuma vyao na kubishana juu ya nati utadhani wanagombea urithi.

Mwaka huu alikuja na pikipiki ya marehemu baba. Hakuifufua ili asifiwe. Alikuwa anamtafuta mama.

Mama yupo, anaishi kwangu, ila ametusahau. Mimi ananiita "dada". Msasa, mama hamwiti kitu. Kila asubuhi anaburuta kiti mpaka mlangoni, anamsubiri baba arudi kutoka kazini. Pikipiki ikipita, anatega sikio, kisha anatikisa kichwa: "Si yeye." Kutwa nzima hivyo hivyo, mpaka natamani kuifunga ile barabara.

"Akiisikia ya baba atatukumbuka," Msasa aliniambia. "Hata dakika moja tu. Aniite mwanangu, basi."

Siku yenyewe tulimkalisha mama kivulini. Wanaume wazima wenye vitambi walikuwa wanazifuta pikipiki zao kwa vitambaa laini, na ya baba ilizifunika zote: tangi jekundu, rimu zinametameta. Wana desturi yao. Mmoja anapiga kiki, wengine wote kimya, injini isikilizwe. Zamu ya Msasa ilipofika, alimtazama mama, akakanyaga.

Iliwaka papo hapo. Ikanguruma laini, utadhani imetoka dukani leo. Wenzake wakapiga makofi. Mimi sikupiga.

Maana pikipiki ya baba ilikuwa na kifua. Ikifika pale kona ilikohoa mara mbili, ikanyamaza kama imekata roho, halafu ikapiga mshindo, nasi watoto tukatoka mbio kumfungulia geti. Ekzosi ilitoboka kabla sijazaliwa, na baba hakuiziba mpaka anaingia kaburini.

Mama alitega sikio. Akatikisa kichwa.

"Si yeye."

Msasa akazima injini.

"Ekzosi ya zamani iko wapi?" nikamuuliza.

"Niliitupa. Ilikuwa imeoza."

"Na kabureta?"

"Mpya. Kila kitu kipya, dada yangu."

"Loo, kaka! Nani alikutuma uitibu?"

Alichutama, akachukua bisibisi, akaanza kuivuruga kabureta.

"We Msasa, umerogwa?" mwenzake mmoja akamaka. "Unaiharibu!"

Akapiga kiki. Ikakwamakwama, ikatoa moshi, lakini kikohozi kile hakikuja. Akavuruga tena, akapiga tena. Jasho na machozi vilikuwa vinamtiririka pamoja, na mimi nilikuwa nalia waziwazi, sikujali nani ananiona.

Mama aliinuka, akasogea taratibu, akaushika ule mkono uliojaa grisi. Moyo ukanipasuka kwa matumaini.

"Usijitese, fundi," akamwambia kwa upole. "Chombo chako kizuri sana. Mume wangu akirudi nitamwambia akuletee na cha kwake ukiangalie. Kile kinakohoa mno."

Msasa aliinamisha kichwa.

"Haya, mama," akasema. "Aje nacho."