Kichomi cha Kwaresma

Mwaka ule maduka ya Arusha yalijaa vitu mpaka wenye maduka wakawa wanatuita kutoka barabarani. Mimi nilipungukiwa na kitu kimoja tu: pumzi.

Nilikuwa mzee wa kanisa na mpigaji wa tarumbeta la besi, lile kubwa kuliko yote, ambalo mtu hulipakata kama mtoto aliyenenepa kupita kiasi. Katika bendi ya usharika wetu wenzangu walipewa sehemu za kupendeza, mimi nikapewa kazi ya kushikilia. Besi likinyamaza, wimbo huyumba kama meza iliyokatika mguu mmoja. Kwa miaka kumi na tisa sikukosa hata alfajiri moja ya Pasaka, tunapokwenda makaburini kabla jua halijachomoza upande wa Kilimanjaro, tukawapigia marehemu wetu habari ya ufufuo. Namshukuru Mungu kwa mambo mengi, lakini nikisema kweli, alfajiri ile niliipenda kuliko harusi yangu. Kwenye harusi yangu sikupewa nafasi ya kupuliza kitu.

Kwaresma ilipoanza, stoo ya kanisa iliezuliwa mabati ili iezekwe upya, na kila mpigaji akaambiwa aende na chombo chake nyumbani. Nikalibeba langu mpaka Lemara, nikaliweka kwenye kona ya sebule, mdomo wake mpana ukitazama dari. Mama watoto alilizunguka mara mbili.

"Hili nalo litakula hapa?" akauliza.

"Halili. Linapulizwa tu."

"Basi lina nafuu kuliko ndugu zako."

Wiki ya pili, kwenye mazoezi, nilivuta pumzi ya kuanzia ubeti, na kitu kikanichoma ubavuni upande wa kushoto, kama sindano ya kushonea magunia. Nikatoa pumzi, kikatulia. Nikavuta tena, kikachoma tena. Sauti nayo ilitoka kama ng'ombe anayelia ndani ya blanketi.

"Mzee," mwalimu wa bendi akaniambia, "unapiga au unalalamika?"

Nikaongeza nguvu. Mtu aliyelelewa na wamisheni hufundishwa kwamba jambo likikataa, unaongeza bidii. Nikapuliza mpaka masikio yakanilia, na kila siku kichomi kikazidi.

Mtu mzima hajui ni mambo mangapi yanahitaji pumzi ndefu mpaka anapoikosa. Sikuweza kupiga miayo. Sikuweza kucheka, na kwetu kuna vichekesho vingi. Chafya niliiogopa kama simba. Lakini shida kubwa ilikuwa shikamoo. Kutoka nyumbani kwangu mpaka kanisani nilikuwa napokea shikamoo kama thelathini, na huwezi kumnyima mtoto wa watu marahaba. Nilikuwa nafika "mara", naishia hapo, nimeshika ubavu. Haikupita wiki vijana wakaniita Mzee Mara.

Kitu kimoja tu kilipata baraka. Sala zangu za kufunga ibada zilikuwa zinajulikana. Akina mama waliokuwa wameacha maharage jikoni walikuwa wakiniona nasimama wanafumba macho kwa huzuni ya kweli. Sasa niliomba sentensi mbili nikaketi. Baada ya ibada mchungaji alinishika mkono kwa nguvu, akaniambia anaona Roho anafanya kazi ndani yangu.

Ushauri haukukosekana. Mama watoto alisema ni baridi ya Meru imeniingia kwa sababu nalala bila fulana. Jirani yetu, mama mmoja wa Kiarusha tunayemwita yeyo, ambaye hajawahi kuugua maishani mwake, aliniletea supu ya magome, chungu mpaka nikaona nyota mchana. Mwenye duka la dawa lililokuwa limefunguliwa karibuni hakuniuliza hata ninaumwa wapi. Zamani duka la dawa lilikuwa na dawa moja na foleni ndefu; huyu alikuwa na dawa kabati zima na foleni hana. Alinipa chupa tatu. Moja ilikuwa na picha ya mtoto mchanga anayecheka. Niliinywa kwa imani.

Mimi mwenyewe nilikuwa na hakika kwamba ni moyo. Baba yangu alikufa ameshika kifua. Sikumwambia mtu, ila nilianza kuwatazama ng'ombe wangu wawili kwa namna ya kuaga.

Katika bendi tulikuwa na Mchaga mmoja, mfanyabiashara wa misumari na mabati huko Kimandolu, rafiki yangu wa siku nyingi, ambaye sote tulimwita Mangi. Alipuliza tarumbeta la teno, dogo kuliko langu, lakini macho yake yalikuwa kwenye besi tangu alipohamia usharika wetu. Alikuja kuniona siku moja baada ya mazoezi.

"Mzee mwenzangu, nipe nilipumzishe hilo besi."

"Besi halijachoka, Mangi. Nimechoka mimi."

"Basi nikupumzishe wewe."

Mwalimu wa bendi akaunga mkono. Akasema nikiwa sijapona ifikapo Jumapili ya Matawi, Mangi ndiye atakayepiga makaburini. Nikamkabidhi tarumbeta kwa uso wa Kikristo na moyo wa namna nyingine.

Alipuliza kwa nguvu zote za ukoo wake. Uso ukawa rangi ya kiazi chekundu, mishipa ya shingo ikasimama, na ndani ya tarumbeta akalia ng'ombe yuleyule, ndani ya blanketi lilelile. Mwalimu akafunga macho. Mangi akasema ni kuzoea tu, akaondoka nalo akafanye mazoezi kwake.

Siku ya nne, mchana, nikasikia hodi. Mangi alikuwa mlangoni, tarumbeta begani, mkono mmoja umeshika ubavu wa kushoto.

"Shikamoo, mzee mwenzangu," akasema kwa sauti ya kuku aliyekanyagwa. Hajawahi kuniamkia hivyo, tunalingana umri.

"Mara... Mangi, una nini?"

"Kichomi."

Namshukuru Mungu kwamba anasamehe hata furaha ya namna ile.

Lakini furaha haikukaa. Habari ilifika kanisani kabla yetu. Wengine walisema tumeambukizana kifua kikuu kwa kupokezana kimdomo cha kupulizia, na Jumapili iliyofuata benchi letu lilikuwa na nafasi ya kutosha watu sita, huku wengine wakisimama mlangoni. Mama mmoja alishauri chombo kiombewe, mwingine kizikwe. Mangi alinivuta pembeni. Aliniambia anaijua zahanati ya binafsi iliyofunguliwa karibuni Daraja Mbili, twende wote wawili, kama ni kufa tufe kwa utaratibu.

Daktari alikuwa dada mdogo, umri wa binti yangu wa mwisho. Alituamkia, tukamwitikia nusu nusu. Akatuuliza mengi: homa? Kikohozi? Makohozi yenye damu? Mguu uliovimba? Mnaishiwa pumzi mkiwa mmeketi? Tulikataa kila kitu, kama watu walio mahakamani. Akanisikiliza mgongoni, akanipeleka kupigwa picha ya kifua, akairudia kuitazama kwenye mwanga. Kisha akaniwekea kidole katikati ya mbavu mbili na kubonyeza.

"Hapa, babu?"

Niliruka. Mangi alicheka, akajutia kucheka, akajishika.

"Ni moyo," nikamwambia, nimsaidie asipate shida ya kunificha.

"Si moyo, babu. Maumivu yanayokuja ukivuta pumzi ndefu na kuondoka ukiitoa, mara nyingi ni ya vitu vinavyotembea mtu anapopumua. Yanaweza kuwa kwenye utando unaofunika mapafu, na hilo ndilo nililoliogopa, ndiyo maana nikataka picha. Picha ni safi. Na ninaweza kuyagusa maumivu yako kwa kidole. Ni nyama za katikati ya mbavu, zimevutika. Lakini ulikaa nyumbani siku zote hizo ukijitibu mwenyewe? Siku nyingine kifua kikikuuma, njoo siku ileile. Usingoje mwenzio naye augue."

Akambonyeza Mangi. Mangi akaita jina la mama yake.

"Nyinyi wawili mnabeba nini pamoja?"

"Hatubebi. Tunapuliza tarumbeta."

"Miaka mingapi?"

"Kumi na tisa," nikasema.

"Siku nne," akasema Mangi.

Daktari akatutazama kwa zamu. "Na limekuwa zito kupuliza?"

Kila mmoja alikuwa ameliona zito, na kila mmoja alikuwa ameficha, akidhani ni yeye ndiye amezeeka.

"Wazee wangu," akasema, "nendeni mkatazame ndani." Akatuandikia dawa ya maumivu, na akatukataza kupuliza chochote kwa wiki tatu. Pasaka ilikuwa siku kumi mbele. Nilitoka pale nina moyo mzima na sina Pasaka.

Nyumbani Mangi, mwenye mkono mwembamba, aliuingiza ndani ya mdomo wa tarumbeta mpaka begani.

"Kuna kitu laini," akasema. "Kimekazwa."

Mama watoto alikuwa anaingia na chai. Akasimama ghafla.

"Acheni! Mtanimwagia sukari!"

Ikatoka foronya ya zamani imefungwa fundo. Ndani yake mlikuwa na mfuko wa nailoni wa sukari, iliyoshikana kama jiwe kwa mvuke wa pumzi yangu, na vipande viwili vya sabuni.

"Mama," nikasema, "sukari imejaa kila duka. Inauzwa mpaka kwa fundi viatu."

"Hata zamani ilikuwa imejaa," akanijibu. "Halafu siku moja ikaisha. Umesahau tulivyopanga foleni tangu asubuhi tukarudi na chumvi? Mkwe wako, yule anayekuja kukopa kila wiki, ameshagundua pipa la mahindi, ameshagundua chini ya kitanda. Nikaona hapa hakuna atakayetazama."

"Na mimi nilivyokuwa nakufa?"

"Tarumbeta lina mabomba mengi. Nilidhani hewa inapita njia nyingine."

Mangi akaketi sakafuni. Kucheka kulimuuma, kutocheka kulimuuma zaidi, na machozi yakamtoka. Mimi nilikuwa nimeegemea ukuta nikiomba kwa vipande. Yeye mama watoto alitutazama sote wawili, na nilimwona anaona aibu.

Akalichukua tarumbeta, akaketi kwenye kiti changu, akalipakata. Akavuta pumzi ndefu, bila maumivu yoyote, akapuliza. Ikatoka sauti moja, nene, iliyonyooka. Vikombe vikatetemeka kwenye sinia.

"Nani alikufundisha?" nikauliza.

"Kile kimdomo chake unakiacha mezani kila ukienda shambani. Nimekaa na wewe miaka yote hii unafikiri nilikuwa nasuka mkeka tu?"

Besi ya wimbo tunaopiga makaburini ina sauti nne. Nilimfundisha kwa siku tisa, mimi nikihesabu kwa vidole kwa sababu sikuweza kuimba. Mwalimu wa bendi alikataa kwanza, akasema hajaona mwanamke akipiga besi. Mama watoto akampulizia besi palepale. Mwalimu akasema sasa ameona.

Alfajiri ya Pasaka nilisimama makaburini mikono mitupu kwa mara ya kwanza. Palikuwa na ukungu, na magwanda yetu yalikuwa yamelowa umande. Besi lilipoingia, nilihisi ardhi ikitetemeka chini ya viatu vyangu. Sikuwahi kulihisi hivyo nilipokuwa napiga mimi, kwa sababu nilikuwa na shughuli ya kupuliza. Nililia, kwa uangalifu, nusu pumzi nusu pumzi.

Wiki tatu zilipokwisha, kifua changu kikiwa kizima kabisa, nilikwenda mazoezini mapema, nimevaa koti jipya la mitumba. Kiti cha besi kilikuwa kimekaliwa. Mwalimu wa bendi alijifanya anapanga makaratasi. Mama watoto alinitazama kwa upole, akasema, "Baba, umepona? Tumshukuru Mungu," akarudi kufuta tarumbeta kwa kitambaa.

Kisha nikaenda kwenye benchi la nyuma walikoketi watu wa teno. Mangi alisogea bila kuniangalia.

"Karibu," akasema. "Huku kazi ni nyepesi."